Hans Clevers

Hans Clevers (jina kamili: Johannes Carolus Clevers, alizaliwa Eindhoven, 27 Machi 1957) ni daktari na mwanabiolojia kutoka Uholanzi. Alianza kazi kama mtafiti wa mfumo wa kinga ya mwili, lakini anajulikana zaidi kwa uchunguzi wake wa seli shina za utumbo, na kwa mbinu ya kukuza oganoidi, yaani vipande vidogo sana vya tishu vinavyojipanga vyenyewe katika maabara na kufanana na kiungo vilikotoka.

Anayesoma orodha ya makala zake anaweza kudhani kwamba mtu huyu alibadilisha somo mara tatu au nne: kwanza seli za kinga, kisha viinitete vya chura, halafu saratani ya utumbo mpana, na mwishowe seli shina. Kwa kweli aliifuata familia moja ya protini, kila mahali ilikompeleka.

Maisha na elimu

Eindhoven ni mji wa viwanda kusini mwa Uholanzi. Mwaka 1975 Clevers alijiunga na Chuo Kikuu cha Utrecht kusoma biolojia, na mwaka 1978 akaanza pia masomo ya udaktari wa tiba. Sehemu ya mafunzo yake ya biolojia aliifanya Nairobi, Kenya, na nyingine katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda. Alihitimu udaktari mwaka 1984, na mwaka uliofuata akapata shahada ya uzamivu.

Tangu mwaka 1986 hadi 1989 alikuwa Boston, Marekani, katika Taasisi ya Saratani ya Dana-Farber ya Chuo Kikuu cha Harvard, akifanya utafiti chini ya Cox Terhorst. Aliporudi nyumbani alianzisha kikundi chake cha utafiti, na mwaka 1991 akawa profesa wa elimu ya kinga huko Utrecht. Mwaka 2002 alihamia Taasisi ya Hubrecht katika mji uleule akiwa mkurugenzi wake.

Seli T na swali la kwanza

Seli T ni seli nyeupe za damu zinazokomaa katika thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Baadhi yake huziua seli za mwili zilizoingiliwa na virusi; nyingine huzichochea seli za kinga za aina tofauti zifanye kazi. Kwenye utando wake wa nje kila seli T ina kipokezi kilichoambatana na kundi la protini liitwalo CD3, ambalo kwa kawaida halipatikani kwenye seli za aina nyingine.

Hapo ndipo lilipozuka swali la Clevers. Seli ya ini na seli T ya mtu mmoja zimerithi DNA ileile. Maelekezo ya kutengeneza CD3 yamo katika zote mbili. Kwa nini basi seli T huyasoma na seli ya ini huyaruka? Huko Boston alichunguza kipande cha DNA kilicho karibu na jeni mojawapo ya CD3, ambacho hufanya kazi kama swichi: kikiguswa na protini inayofaa, jeni inawaka. Ilibaki kuitafuta protini yenyewe. Kikundi chake cha Utrecht, akiwemo Marc van de Wetering aliyefanya kazi naye kwa miaka mingi baadaye, kiliitangaza mwaka 1991 na kuiita TCF1. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walieleza protini ya pili inayofanana nayo sana, LEF1.

Mwaka 1995 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila TCF1 wana upungufu wa seli T, kwa sababu seli changa hukwama katika thimasi kabla ya kukomaa. Ugunduzi huo ungetosha kumpatia mtafiti wa kinga kazi ya maisha yote. Lakini TCF1 ilikuwa na ndugu katika viungo visivyohusika na kinga, na hilo lilihitaji kuelezwa.

Chura, Wnt na saratani

Mwaka 1982 Mholanzi Roel Nusse na Mmarekani Harold Varmus waligundua katika uvimbe wa matiti ya panya jeni ambayo baadaye iliitwa Wnt. Ilikuja kujulikana kwamba jeni kama hiyo iko pia katika nzi wa matunda, na kwamba ikiharibika nzi anaweza kukosa mabawa. Protini za Wnt ni ujumbe unaotumwa na seli moja kwenda kwa jirani yake. Kufikia miaka ya 1990 njia ya ujumbe huo ilikuwa imefuatiliwa toka nje ya seli hadi kwenye protini ya ndani iitwayo beta-katenini. Hapo njia ilikatika. Beta-katenini haiwezi kuishika DNA yenyewe, na bila kuishika DNA hakuna jeni inayowashwa.

Pengo hilo lilizibwa mwaka 1996. Clevers alishirikiana na Olivier Destrée wa maabara ya Hubrecht, aliyefanya kazi na viinitete vya chura wa Afrika aitwaye Xenopus. Chura huyu hupendwa na wanabiolojia kwa sababu mayai yake ni makubwa na hukua nje ya mwili wa mama, hivyo kila hatua inaonekana. Ujumbe wa Wnt ukiwashwa upande usiofaa wa kiinitete, kiluwiluwi huweza kuota na vichwa viwili. Kikundi cha Utrecht kilionyesha kwamba beta-katenini hushikana na protini ya jamii ya TCF, na kwamba TCF iliyokatwa sehemu ya kushikania huzuia mhimili wa mwili wa chura kuundwa. TCF ndiyo inayoishika DNA; beta-katenini ndiyo inayoipa amri. Kikundi cha Walter Birchmeier nchini Ujerumani kilifikia jibu hilohilo mwaka huohuo kwa kutumia LEF1.

Kisha likaja suala la saratani. Madaktari walikwisha kujua kwamba uvimbe mwingi wa saratani ya utumbo mpana una hitilafu katika jeni ya APC, na kwamba kuna familia zinazorithi hitilafu hiyo na kuota mamia ya vinundu tumboni tangu ujana. Ilijulikana pia kwamba protini ya APC husaidia kuiteketeza beta-katenini isiyohitajika. Mwaka 1997 kikundi cha Clevers, pamoja na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilikamilisha maelezo: APC ikiharibika, beta-katenini hujaa ndani ya seli, hushikana na TCF4 (ndugu wa TCF1 anayepatikana utumboni), na jeni zinazoamuru seli igawanyike hubaki zimewaka usiku na mchana.

Mwaka uliofuata ulionyesha upande wa pili. Panya waliozaliwa bila TCF4 walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, na utumbo wao mwembamba haukuwa na seli zinazogawanyika. Swichi inayokwama saratani inapoanza ndiyo ileile inayouhuisha utumbo mzima kila siku. Kuanzia hapo Clevers aliacha kuutazama utumbo kama mahali pa ugonjwa tu, akaanza kuuliza jinsi unavyojijenga.

Kutafuta seli shina za utumbo

Utando wa ndani wa utumbo mwembamba hubadilishwa karibu wote kila baada ya siku tatu hadi tano. Umejaa vijidole vidogo vinavyofyonza chakula, na chini ya vijidole hivyo kuna vishimo. Seli mpya huzaliwa vishimoni, hupanda taratibu kama watu kwenye ngazi, hufika kileleni mwa kijidole, hufa na kudondoka. Lazima basi chini kabisa kuwe na seli zisizokwisha, zinazojizalisha zenyewe na kuzalisha nyingine zote. Hizo ndizo seli shina. Lakini zipi?

Majibu yalikuwa mawili. Charles Leblond na Hazel Cheng wa Kanada walisema mwaka 1974 kwamba ni seli nyembamba zilizobanwa sakafuni mwa kishimo, katikati ya seli kubwa zinazoitwa seli za Paneth. Chris Potten wa Manchester, Uingereza, alisema ziko juu kidogo, katika nafasi ya nne hivi kutoka chini. Wengi walielekea kwa Potten. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa kuwa hakukuwa na alama ya kuitambua seli shina ukiiona chini ya hadubini.

Clevers alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: orodha ya jeni zinazowashwa na TCF4. Kikundi chake kiliikagua jeni baada ya jeni, kikiangalia kila moja inawaka wapi kishimoni. Moja kati yake, LGR5, iliwaka katika zile seli nyembamba za Leblond tu. Nick Barker, mtafiti Mwingereza aliyekuwa katika maabara hiyo, alitengeneza panya ambao seli zao za LGR5 zingeweza kupewa alama ya rangi isiyofutika, ambayo watoto na wajukuu wa seli hiyo wangeirithi. Siku chache baadaye utepe wa buluu ulionekana ukipanda kutoka sakafu ya kishimo hadi ncha ya kijidole, na baada ya siku 60 tepe hizo zilikuwa bado zipo. Seli yenye alama ilikuwa imezaa kila aina ya seli ya utumbo, nayo haikuwa imekwisha. Makala ilitoka mwaka 2007.

Jambo lililowasumbua wasomaji wengi halikuwa mahali zilipo seli hizo, bali mwendo wake. Vitabu vilifundisha kwamba seli shina ni chache, zimelala, na hugawanyika kwa nadra ili kuikinga DNA yake dhidi ya makosa. Uboho ndio uliokuwa mfano wao. Seli za LGR5 ziko zaidi ya kumi katika kila kishimo, na hugawanyika karibu kila siku kwa maisha yote ya panya.

Ubishi uliendelea kwa miaka kadhaa, na haukwisha kwa upande mmoja kushinda kila kitu. Mwaka 2010 Hugo Snippert, mwanafunzi wa Clevers, alizipaka seli shina rangi mbalimbali na kuona kwamba baada ya miezi michache kishimo kizima huwa cha rangi moja. Maana yake ni kwamba seli shina hushindania nafasi, na inayosukumwa mbali na seli za Paneth hupoteza ushina wake. Mwaka 2011 watafiti wa kampuni ya Genentech waliziua seli zote za LGR5 katika panya, na utumbo uliendelea kujitengeneza kwa muda: seli nyingine zilishuka kuchukua nafasi iliyoachwa wazi. Mwaka 2012 maabara ya Clevers yenyewe ilionyesha kwamba seli iliyokwisha kuanza safari ya kupanda inaweza kurudi kuwa shina baada ya jeraha. Ushina, kwa sehemu kubwa, unatokana na mahali seli ilipokaa. Wazo la Potten kwamba kuna akiba juu ya sakafu halikuwa upuuzi, ingawa akiba hiyo haikuwa ya aina aliyoifikiria.

Oganoidi

Wakati huo iliaminika pia kwamba seli shina za kiungo kilichokomaa haziwezi kukuzwa nje ya mwili kwa muda mrefu. Toshiro Sato, daktari wa magonjwa ya tumbo kutoka Japani, alifika Utrecht na kujaribu. Alichukua seli moja ya LGR5 ya panya, akaiweka ndani ya jeli laini inayoiga tishu zinazoizunguka seli mwilini, na kuilisha protini tatu: EGF inayochochea mgawanyiko, Noggin inayozuia ujumbe wa kukomaa mapema, na R-spondini inayouongezea nguvu ujumbe wa Wnt. Seli moja ikawa kitufe chenye uwazi katikati. Kisha kitufe kikachipua vishimo pembeni, vyenye seli shina na seli za Paneth sakafuni, na sehemu ya katikati ikajaa seli za kufyonza chakula. Hakuna aliyezipanga. Makala hiyo ya mwaka 2009 ndiyo iliyolifanya jina la Clevers lijulikane nje ya duru za wataalamu.

Kwa nini R-spondini ilikuwa muhimu hivyo ilieleweka baadaye. Mwaka 2011 ilithibitika kwamba LGR5 yenyewe ni kipokezi cha R-spondini. Alama iliyotumika kuzitafuta seli hizo ndiyo mdomo zinaoutumia kulishwa.

Mwaka 2011 mbinu ilifaulu kwa utumbo wa binadamu, na baadaye kwa ini, kongosho, tumbo na viungo vingine. Ikumbukwe kwamba kuna njia nyingine ya kutengeneza oganoidi, inayoanzia kwenye seli za kiinitete au seli za kawaida zilizorudishwa katika hali ya kiinitete. Njia hiyo ina waanzilishi wake, hasa Yoshiki Sasai wa Japani. Oganoidi za Clevers hutokana na tishu ya mtu aliyekwisha kuzaliwa, na hubaki na jeni za mtu huyo, pamoja na hitilafu zake.

Matumizi kwa wagonjwa

Mfano ulio wazi zaidi ni wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu na utumbo uwe mzito. Chanzo chake ni hitilafu za jeni ya CFTR, na aina za hitilafu ni nyingi sana. Dawa za kisasa huwafaa wengine na haziwafai wengine, na mgonjwa mwenye hitilafu adimu hawezi kuingizwa katika majaribio ya kawaida ya dawa, kwa sababu watu kama yeye ni wachache mno.

Jeffrey Beekman wa hospitali ya watoto ya Utrecht, akishirikiana na Clevers, alieleza kipimo rahisi mwaka 2013. Kipande kidogo cha utando huchukuliwa kutoka mwishoni mwa utumbo mpana, oganoidi hukuzwa, kisha huongezewa kemikali inayoamsha CFTR. Oganoidi ya mtu mzima wa afya huvuta maji na kuvimba. Ya mgonjwa haivimbi. Ikiwa itavimba baada ya kuwekewa dawa, kuna matumaini kwamba dawa hiyo itamfaa mwenyewe. Nchini Uholanzi wagonjwa wenye hitilafu adimu wamepata dawa baada ya oganoidi zao kuonyesha kwamba ingewasaidia.

Katika saratani, maabara ya Clevers ilieleza mwaka 2015 hifadhi hai ya oganoidi za uvimbe wa utumbo mpana, ambazo dawa zinaweza kujaribiwa juu yake. Matumizi katika kumchagulia mgonjwa mmoja dawa bado yanapimwa, na si haki kuyaeleza kama jambo lililokamilika. Mwaka 2020, pamoja na watafiti wa Rotterdam, kikundi kilionyesha kwamba virusi vya korona huingia na kuzaliana katika seli za utumbo wa binadamu. Huko Tokyo, ambako baadhi ya washirika wa kazi ya awali walikuwa, madaktari walimpandikizia oganoidi za utumbo wake mwenyewe mgonjwa mwenye vidonda vya utumbo mpana mwaka 2022.

Kazi moja inawahusu zaidi wakazi wa nchi za joto. Mwaka 2020 maabara ya Utrecht ilitangaza oganoidi za tezi za sumu za nyoka, kwanza za nyoka mmoja wa kusini mwa Afrika, ambazo hutoa sumu halisi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na dawa ya sumu bado hutengenezwa kwa kukamua nyoka na kuwadunga farasi. Oganoidi si dawa, ila zinaweza kurahisisha kuipata na kuichunguza sumu yenyewe.

Mbinu ina mipaka. Oganoidi ya kawaida haina mishipa ya damu, neva wala seli za kinga; haiwezi kuonyesha jinsi dawa inavyosafiri mwilini. Jeli inayotumika sana hutokana na uvimbe wa panya, kwa hiyo haifanani kabisa kila inapotengenezwa, na protini za kulishia ni ghali. Hilo la gharama ni kikwazo kikubwa kwa maabara za nchi maskini.

TCF1, kwa upande wake, imerudi kuzungumzwa katika elimu ya kinga. Mwaka 2016 maabara kadhaa, si za Clevers, zilionyesha kwamba katika maambukizi ya muda mrefu seli T zilizochoka hubakiza kundi dogo lenye TCF1, ambalo linaendelea kujizalisha kama seli shina, na kwamba kundi hilo ndilo linaloitikia baadhi ya tiba za kinga zinazotumika dhidi ya saratani.

Uongozi na tuzo

Clevers aliiongoza Taasisi ya Hubrecht hadi mwaka 2012, alipochaguliwa kuwa rais wa Akademia ya Kifalme ya Sanaa na Sayansi ya Uholanzi. Alishika wadhifa huo hadi 2015. Baadaye aliongoza utafiti katika Kituo cha Princess Máxima cha saratani za watoto huko Utrecht. Mwaka 2022 alihamia Basel, Uswisi, kuongoza utafiti wa awali wa dawa katika kampuni ya Roche.

Alipewa Tuzo ya Spinoza mwaka 2001, Tuzo ya Louis-Jeantet mwaka 2004 na Tuzo ya Körber mwaka 2016. Mwaka 2013 alikuwa mmoja wa watu 11 wa kwanza kupokea Tuzo ya Breakthrough ya sayansi za uhai, yenye thamani ya dola milioni 3 za Marekani kwa kila mmoja. Tangu mwaka 2019 ni mwanachama wa kigeni wa Royal Society ya London.